Friji iliyovuma umeme umekatika

Bodaboda ilinishusha mlangoni saa tisa na nusu usiku. Bendi yetu ya taarabu ilikuwa na shughuli Ngamiani, hapa Tanga, arusi ya watu wenye uwezo wao, mitambo miwili, watu wamejaa mpaka barabarani. Nikanywa maji, nikavua shati, nikajilaza. Huko jikoni friji ilikuwa inavuma, ile sauti nyembamba ya juu ambayo friji kuukuu hutoa inapokaribia kufa. Nikavumilia. Nikageukia ukutani. Ikazidi.

"Hii friji itatumaliza," nikamwambia mke wangu. "Kesho nimwite fundi."

Hakujibu. Nilidhani amelala. Kisha akasema taratibu, "Baba watoto, umeme umekatika tangu saa sita."

Niliamka, nikaenda kuishika. Ilikuwa ya uvuguvugu, na maji yameanza kuchuruzika chini ya mlango. Nikatoka uani. Sauti ikanifuata uani. Nikaziba masikio kwa viganja, ikawa kubwa zaidi.

Nilikaa kwenye ngazi mpaka adhana. Nimezaliwa mtaa huu, sauti ya muadhini wetu naijua kama naivaa. Alfajiri ile niliisikia kama inatoka ng'ambo ya bahari, na juu yake umesimama mluzi mmoja usiopumua.

Mwezi na nusu umepita. Nimeanza kuandika haya mara nne na kufuta. Leo nayamaliza.

Hupita

Kila anayepiga muziki wa jukwaani anaijua asubuhi ya pili. Unaamka masikio yamejaa pamba. Mtoto anakuita, unamsikia kama yuko chumba cha tatu. Ukifika mchana pamba inayeyuka, jioni uko mzima, na Ijumaa unapanda tena jukwaani. Nimeishi hivyo miaka kumi na miwili kwenye kinanda. Hakuna aliyewahi kuniambia ni ugonjwa. Tulikuwa tunasema "hupita", na kweli ilikuwa inapita.

Hilo ndilo lililonidanganya. Nilidhani kinachopita hakiachi kitu.

Siku ile pamba ilipita kama kawaida, kabla ya adhuhuri. Mluzi haukupita. Wala kesho yake. Mchana, sokoni, kwenye kelele za watu, nilikuwa nausahau. Usiku ulikuwa wangu peke yangu. Utotoni tuliambiana sikio likilia kuna mtu anakutaja. Siku ya tisa nikajikuta najiuliza kwa dhati ni nani huyu anayenitaja bila kulala.

Mkono wake unabonyeza

Nilikwenda kupimwa Dar es Salaam. Wanakuingiza kwenye chumba kidogo kisichopitisha sauti, chenye dirisha la kioo, wanakuvisha hedifoni na kukupa kitufe. Ukisikia, bonyeza. Sauti nene nilizipata zote. Za katikati nikazipata. Zikaendelea kupanda, kisha kukawa kimya, nami nikangoja, nikidhani mpimaji anaandika.

Nikatazama kupitia kioo. Mkono wake ulikuwa unabonyeza. Ulikuwa unabonyeza muda wote huo.

Aliponionyesha chati, mstari wa sikio langu ulikwenda vizuri kutoka kushoto, ukafika kwenye 4000, ukatumbukia kama barabara iliyokatwa na mvua, kisha ukapanda kidogo upande wa pili. Akaniuliza kama nafanya kazi kiwandani. Nikamwambia napiga kinanda. Akatazama tena chati, kwa sababu la kushoto lilikuwa na shimo refu kuliko la kulia. "Kushoto kwako anakaa nani?"

Dramu. Kwa miaka yote, dramu, na sahani zake ziko usawa wa kichwa changu.

Alinieleza kwamba kelele huanza kuuma hapohapo, kwenye mitetemo kati ya 3000 na 6000 kwa sekunde, iwe kelele ya mashine ya mkonge au ya fimbo ya dramu. Haijali kama unaipenda. Ndani ya sikio, kwenye kile kijumba kilichojiviringa kama konokono, mna seli zenye vinywele, zipatazo elfu kumi na tano tu kila sikio, tangu siku ya kuzaliwa. Sauti ikipita zinalala na kuinuka, kama nyasi ukizikanyaga. Ukizikanyaga usiku mmoja zinainuka kesho yake mchana. Hiyo ndiyo "hupita" yetu. Ukizikanyaga kila wiki, kuna zitakazokufa, na zikifa haziinuki tena. Kuku wana uwezo wa kuziotesha upya. Binadamu hatuna. Niliporudi nyumbani niliwatazama kuku wa jirani wakipekua taka uani, na sitasahau nilivyowaonea wivu.

Usiku nikafungua kinanda, nikakipandisha oktava moja, nikaanza kutafuta mluzi wangu ufunguo baada ya ufunguo. Niliupata ukingoni kabisa kulia, ufunguo wa pili kutoka mwisho. Sauti ya ufunguo ule ni mitetemo inayokaribia 4000 kwa sekunde. Kichwa changu kilikuwa kinapiga noti ileile ambayo masikio yangu yameipoteza.

Robo saa

Kuna hesabu ambayo wanaoshughulika na afya makazini wanaitumia, na sasa nimeikariri kuliko mashairi ya bendi yetu. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Desibeli 85, sikio linastahimili masaa 8 kwa siku. Kila ukiongeza 3 tu, muda unakatika nusu. 88, masaa 4. 91, masaa 2. 94, saa moja. 97, nusu saa. 100, robo saa.

Robo saa.

Wimbo mmoja wa taarabu, ukiwa na watu wa kutunza na mwimbaji akirudia kiitikio kwa ajili ya mama wa bibi arusi, unakwenda robo saa bila shida. Yaani riziki ya sikio langu ya siku nzima inaisha kwenye wimbo wa kwanza, watu wa mbele hawajakaa hata sawa. Na sisi tunapiga kuanzia saa tatu mpaka saa nane.

Jumamosi iliyofuata niliweka simu juu ya kinanda, ina programu ya kupima sauti. Simu si kipimo cha kitaalamu, najua. Lakini ilicheza kati ya 99 na 104 usiku kucha, na hata ukiipunguzia makosa yake hesabu haikusamehi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kumbi za muziki mwaka 2022: wastani usizidi desibeli 100 ukipimwa kwa robo saa, pawe na mahali patulivu pa kupumzisha masikio, vizibo vya masikio vipatikane. Nilipousoma niliona unamfikiria zaidi msikilizaji, ambaye atakwenda nyumbani na asirudi mpaka arusi nyingine. Sisi tunaosimama mita mbili kutoka kwenye spika, Ijumaa na Jumamosi na Jumapili, mwaka baada ya mwaka?

Mzee wa Fidla

Hapa ndipo nilipokuwa nafuta.

Kwenye kundi letu alikuwepo mzee mmoja wa fidla. Jina lake nalihifadhi. Alipiga fidla kabla sijazaliwa, enzi ambazo mji huu wa makundi ya Black Star na Lucky Star ulikuwa unafundisha pwani nzima namna ya kuingiza gitaa kwenye taarabu. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba kinanda hakitakiwi kumjibu mwimbaji; kinatakiwa kungoja avute pumzi.

Miaka yake ya mwisho na sisi alibadilika. Unampita kwa baiskeli, "Shikamoo mzee," hageuki. Kwenye mazoezi tunapanga wimbo, yeye anaanza mwingine. Na kila shughuli alikuwa anamsumbua fundi mitambo: ongeza ukali kwenye fidla, ongeza tena, bado. Fundi anaongeza, sisi tunakunja nyuso, fidla inakata kama wembe. Tukasema ana maringo. Tukasema anataka asikike peke yake. Mmoja wetu akasema mzee amekuwa na choyo cha jukwaa, na neno hilo likashika.

Hatukumfukuza. Tuliacha kumpigia simu. Kulikuwa na kikao, nami nilikuwepo, nikaulizwa, nikasema ni sawa.

Nilipokuwa nimeshika ile chati kwenye basi la kurudi Tanga, tukiwa hatujafika hata Segera, nilimuona mzee mbele yangu kama yuko kiti cha pili. Fidla inalazwa bega la kushoto. Sikio la kushoto linakaa juu ya tundu la sauti, karibu na uzi kuliko mtu yeyote. Na kushoto kwake, miaka yote, ilikuwa spika. Mimi nilikuwa nampita kushoto na baiskeli yangu.

Alikuwa hasikii.

Aliomba ukali uongezwe kwa sababu sauti za juu ndizo zilizomtoka kwanza. Nasi tukaziongeza, zikatukata sisi, na sahani za dramu zikapanda ili zisimezwe na fidla, na mimi nikapandisha kinanda. Huenda sehemu ya shimo langu ni ya siku zile. Sina namna ya kulipima hilo. Ninachojua ni kwamba hakusema, na sababu ya kutosema naijua kutoka tumboni mwangu, kwa kuwa na mimi nilirudi kutoka Dar na sikumwambia mtu wa kundi. Mpiga muziki akijulikana sikio lake lina walakini, nani atampa kazi? Fundi cherehani anavaa miwani na wateja wanamwamini zaidi. Sisi, tukisema "sisikii vizuri", tumejifukuza.

Mwaka 2012, London, mpiga viola (ala kama fidla, kubwa kidogo) Christopher Goldscheider alikaa kwenye mazoezi ya opera mbele ya safu ya tarumbeta, masikio yake yakaharibika asiweze kuendelea na kazi. Vizibo alikuwa navyo. Alikwenda mahakamani dhidi ya Royal Opera House, Mahakama Kuu ikampa ushindi mwaka 2018, na rufaa ikashindwa mwaka uliofuata. Kilichonishika kwenye habari ile ni kwamba yaliyomuumiza ni matarumbeta, vifua vya watu, si mitambo. Na cha pili: alisema.

Vya rangi ya chungwa

Nilianza na pamba. Usianze na pamba. Inazuia kidogo sana, na inakupa moyo wa uongo wa kukaa karibu zaidi na spika.

Kisha nikanunua vile vizibo vya sponji vya rangi ya chungwa, vinavyouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi kwa watu wa grainda. Ukivijua kuvivaa vinazuia sana. Unakiviringisha kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti, unapitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa na kulivuta sikio juu na nyuma ili njia inyooke, unakiingiza, unakishika mpaka kitanuke. Wengi wanakichomeka nusu, kinaning'inia, wanasema havifanyi kazi.

Vilifanya kazi. Ila vilinipokonya mwimbaji.

Sponji inakula sauti za juu kuliko za chini. Besi ilibaki, dramu ikabaki kama mtu anapiga godoro, lakini maneno yalipoteza makali yake. S na f na sh zikawa kitu kimoja. Taarabu ni maneno. Fumbo likikosa herufi moja haliumi mtu. Dada yetu alivuta pumzi nami sikuisikia, nikaingia mapema, akageuka akaniangalia mbele ya watu. Usiku ule niliving'oa nikavitia mfukoni, nikapiga masikio wazi mpaka mwisho, nikijiambia kwamba anayeziba masikio ndani ya muziki hastahili kuwamo.

Nilikaa na wazo hilo wiki nzima. Lilikuwa na utamu wake, kama wazo lolote linalokuruhusu kutobadilika.

Shemeji yangu yuko Muscat. Nilimwomba, akatuma kwa mtu anayekuja likizo: vizibo vya wanamuziki, vya mpira laini, vyenye chujio katikati. Hivi havizibi, vinapunguza, na vinapunguza za juu na za chini karibu sawasawa. Vyangu ni vya desibeli 15. Fanya hesabu ile: 100 ukitoa 15 ni 85. Robo saa inakuwa masaa 8, mradi vimekaa vizuri sikioni. Mara ya kwanza kuvivaa nilihisi nimerudi nyuma hatua ishirini, nasimama uwanjani badala ya jukwaani, muziki mzima uko mbele yangu umepangika. Pumzi ya dada niliisikia.

Yeye havivai bado. Anasema sauti yake mwenyewe inamjaa kichwani kama anaimba ndani ya pipa, na ni kweli, sikio likizibwa sauti yako inakosa pa kutokea. Sijapata jibu la kumpa. Natamani ningekuwa nalo.

"Mbona mziki mdogo?"

Kwa mabosi wa shughuli kelele ni heshima. Mama aliyechanga miezi minane hataki majirani waseme shughuli ilipoa. Nilimwogopa mama huyo kuliko nilivyomwogopa daktari.

Kwa hiyo tulianza na upande wetu. Nilimwambia fundi mitambo kila kitu, wa kwanza kwenye kundi kujua. Nilitegemea anihurumie. Akanijibu kama fundi: "Spika zinawapiga nyie kwa sababu mnasimama mbele yake. Zisogezwe." Amezipandisha kwenye stendi, juu ya vichwa, zikiangalia watu, na safu yetu imerudi nyuma yake. Kwenye uwazi ukiuzidisha umbali mara mbili sauti inashuka desibeli 6. Kwa hesabu yangu hiyo ni robo saa kuwa saa nzima, bila kumgusa mteja hata kidogo. Monita, zile spika zetu za kujisikilizia, zimesogezwa karibu na miguu ili zisihitaji kupiga kelele. Dramu imehamia kona ya mbali. Na kabla ya kuanza, hakuna kujipandisha: anaanza dogo wa dramu kwa fimbo nyepesi, wengine tunajipanga juu yake. Zamani kila mtu alipanda kumshinda jirani, na kufika saa sita wote tuko juu kabisa na hakuna anayejisikia.

Shughuli mbili sasa. Mama wa ya pili alikuja mbele kututunza, akamtunza mpaka fundi. Hakuuliza kitu.

Dogo ana miaka kumi na tisa. Nimempa vile vya chungwa, kwa dramu vinatosha. Anavivaa nikiwa namtazama.

Makorora

Juzi nilikwenda kwa mzee, mtaa wa Makorora. Nilibeba kinanda kidogo cha mazoezi. Nilimkuta barazani, nikapita upande wa kulia, nikainama: "Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu." Akasogea kwenye mkeka. "Kaa hukuhuku. Upande ule hauna kitu."

Nilimwambia yote, mpaka kikao. Hakusema amenisamehe na sikumuuliza. Aliangalia barabara kwa muda, kisha akauliza mluzi wangu uko noti gani. Katika watu wote niliowaeleza, ni yeye tu aliyeuliza hivyo.

Nikawasha kinanda, nikakipandisha oktava, nikabonyeza ule ufunguo wa pili kutoka mwisho.

Mzee alikuwa anautazama mkono wangu. "Bonyeza," akasema.

Nilikuwa nimebonyeza.

Nikashuka ufunguo mmoja. Nikashuka mwingine. Nilihesabu, sikutaka lakini nilihesabu: kumi na sita, na yeye bado anatazama vidole, uso umetulia. Ufunguo wa kumi na saba akanyanyua kiganja.

"Hapo," akasema. "Hapo nipo."

Akaingia ndani. Nilisikia kasha linafunguliwa. Akarudi na fidla, akakaa, akanigeuzia sikio la kulia.

"Piga kuanzia hapo kwenda chini," akasema. "Usipande."